Sura na Sauti: Uigizaji wa Lupita Nyong'o na Suala la Wasifu wa Msanii

Utangulizi

Mnamo mwaka wa 2024 zilitolewa filamu mbili ambazo mhusika mkuu wa kila mojawapo aliigizwa na Lupita Nyong'o. Katika ya kwanza, A Quiet Place: Day One, iliyoongozwa na Michael Sarnoski, mtazamaji anauona uso wake karibu muda wote, lakini ni nadra kumsikia akinena, kwa kuwa ulimwengu wa filamu hiyo umevamiwa na viumbe wanaowinda kwa kufuata sauti. Katika ya pili, The Wild Robot ya Chris Sanders, ambayo ni filamu ya katuni, anasikika tangu mwanzo hadi mwisho lakini haonekani hata mara moja, kwani yeye ndiye sauti ya roboti aitwaye Roz. Sadfa hiyo ni mlango mwafaka wa kuingilia kazi ya msanii huyu. Inadhihirisha jambo lililoanza miaka kumi kabla yake, yaani kwamba tangu alipopata umaarufu, sura yake na sauti yake hazijapewa nafasi nyingi za kukutana katika mhusika mmoja.

Sehemu kubwa ya maneno yanayosemwa kumhusu humu nchini huelekea pande mbili. Upande mmoja humtazama kama nembo ya taifa, binti wa Kenya aliyeleta tuzo nyumbani. Upande wa pili humtazama kama kielelezo cha uzuri wa ngozi nyeusi. Mielekeo yote miwili ina msingi, lakini yote miwili inashughulikia sura. Mwigizaji kama fundi, anayeteua toni, kasi, kimya na lafudhi ili kumjenga mhusika, hupotea katika shangwe. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba ufundi wa Nyong'o unadhihirika zaidi katika sauti na katika kimya, na kwamba mhakiki anayeishia kwenye sura anarudia, pasipo kukusudia, kosa la sekta ya filamu yenyewe.

Suala hili si geni katika fasihi ya Kiswahili. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad, alikuwa akisimulia maisha ya mwanamke ambaye watesi wake walimkejeli kwa sura na ambaye aliwajibu kwa uimbaji. Siti, mzaliwa wa Fumba huko Unguja, ambaye mwaka wa 1928 alirekodi nyimbo zake Bombay na ambaye alifariki mwaka wa 1950, anakumbukwa hadi leo kwa sauti. Kwa Nyong'o mizani imegeuka: sura ndiyo iliyosifiwa, na sauti ndiyo inayosubiri mwandishi wa wasifu. Hata hivyo, funzo la Shaaban Robert linabaki lile lile. Wasifu wa msanii haukamiliki kwa kutaja alikozaliwa na heshima alizotunukiwa, bali kwa kupima alichokifanya kwa kipawa chake.

Njia ya kuelekea jukwaani

Nyong'o alizaliwa tarehe 1 Machi 1983 katika jiji la Mexico, wakati baba yake, Peter Anyang' Nyong'o, alipokuwa akifundisha huko. Alilelewa Kenya, kisha akiwa na umri wa miaka kumi na sita akapelekwa tena Mexico ili ajifunze Kihispania. Kabla ya hapo, akiwa na umri wa miaka kumi na minne, alikuwa amekwisha kuigiza nafasi ya Juliet katika tamthilia ya Shakespeare iliyoonyeshwa Nairobi na kundi la Phoenix Players. Alisomea filamu na sanaa za maonyesho katika Chuo cha Hampshire, Marekani, na alifanya kazi nyuma ya kamera wakati filamu ya The Constant Gardener, iliyotolewa mwaka wa 2005, ilipokuwa ikipigwa nchini Kenya.

Kazi zake mbili za mwaka wa 2009 zinastahili kutazamwa kwa pamoja. Ya kwanza ni Shuga, mfululizo wa televisheni uliotengenezwa Nairobi ili kuwazindua vijana kuhusu virusi vya UKIMWI, ambamo aliigiza Ayira, msichana mwenye matumaini makubwa ya maisha ambaye mapenzi yake yanamwingiza hatarini. Ya pili ni In My Genes, filamu ya hali halisi aliyoiongoza mwenyewe kuhusu Wakenya wenye ualbino. Katika Shuga yeye ni sura inayoonwa na maelfu ya watazamaji. Katika In My Genes yeye ndiye anayewaelekezea kamera watu ambao jamii huwahukumu kwa rangi ya ngozi kabla hawajafungua vinywa, naye anawaacha waseme. Kwa hiyo, kabla ngozi yake mwenyewe haijawa mada ya majarida ya ulimwengu, alikuwa amekwisha kulitafakari suala hilo kupitia maisha ya wengine. Wanaoianza hadithi yake mwaka wa 2013 huiruka sura hii muhimu.

Baada ya hapo aliingia katika shule ya tamthilia ya Chuo Kikuu cha Yale, akahitimu mwaka wa 2012.

Patsey: kutoka kitabu hadi skrini

Filamu ya 12 Years a Slave (2013), iliyoongozwa na Steve McQueen, inatokana na simulizi ya Solomon Northup iliyochapishwa mwaka wa 1853. Northup alikuwa mtu huru wa jimbo la New York aliyetekwa mwaka wa 1841 na kuuzwa utumwani Louisiana. Patsey, ambaye Nyong'o alimwigiza katika filamu yake ndefu ya kwanza, ni mtumwa wa shamba la pamba la Edwin Epps. Anachuma pamba nyingi kuliko wanaume, anatamaniwa na bwana wake, na kwa sababu hiyo hiyo anachukiwa na mke wa bwana.

Ulinganisho wa kitabu na filamu unafichua badiliko ambalo halijapewa uzito unaostahili. Katika simulizi ya Northup, ni mke wa Epps anayemshawishi msimulizi kwa hongo amuue Patsey kwa siri na kumzika kando ya kinamasi. Katika filamu, ombi la kifo linatoka kinywani mwa Patsey mwenyewe. Usiku mmoja anamwendea Solomon na kumsihi amtoe uhai. Badiliko hilo linampokonya bibi wa shamba njama yake na kumpa mtumwa uamuzi. Msomi anayetetea uaminifu kwa matini asilia anaweza kulilaumu. Lakini kwa upande wa usawiri, hapo ndipo Patsey anapoacha kuwa mhusika anayetendewa tu na kuwa mtu mwenye hoja kuhusu maisha yake. Uteuzi wa mwigizaji ndio unaoibeba hoja hiyo. Nyong'o hasemi maneno hayo kwa kilio. Anayasema kwa upole, kama mtu anayeomba msaada wa kawaida ambao rafiki hawezi kuukataa. Upole huo unatisha kuliko ambavyo yowe lingetisha.

Mandhari ya sabuni yanafuata mkondo huo huo. Patsey amekwenda shamba la jirani kutafuta kipande cha sabuni kwa kuwa mke wa Epps amemnyima, na anaporudi anajieleza mbele ya bwana wake. Hapa sauti inapanda. Mtu ambaye hadi sasa amekuwa akinyamaza, akicheza na vidoli alivyovisuka kwa maganda ya mahindi, anadai haki ndogo kabisa ya binadamu, yaani haki ya kuwa safi. Jibu ni mjeledi. Solomon analazimishwa kuushika, kisha Epps anautwaa mwenyewe, na kamera ya McQueen inawazunguka kwa muda mrefu bila kukatizwa. Watu wengi huikumbuka filamu kwa mgongo ule uliochanika. Ni haki yao, lakini mgongo huo unapata maana yake kutokana na maneno yaliyotangulia. Kilichopigwa pale ni kauli.

Haifai, hata hivyo, kusema kwamba filamu inampa Patsey kila anachostahili. Solomon anapookolewa na kupanda gari la farasi, Patsey anabaki nyuma, na mtazamaji anamwona akianguka kwa mbali, taswira yake ikiwa imefifia. Hadithi ni ya Solomon. Tuzo ya Oscar aliyopewa Nyong'o tarehe 2 Machi 2014, iliyomfanya Mkenya wa kwanza kuipata, ilikuwa ya mwigizaji msaidizi wa kike, na kwa bahati neno hilo linaeleza pia nafasi ya Patsey katika muundo wa filamu.

Baada ya tuzo: kusifiwa na kufichwa

Mwaka huo wa 2014 jarida la People lilimtangaza kuwa mtu mrembo kuliko wote, na kampuni ya vipodozi ya Lancôme ikamteua kuwa balozi wake. Mwezi Februari, katika hafla iliyoandaliwa na jarida la Essence kwa heshima ya wanawake weusi wa Hollywood, alitoa hotuba iliyosikika mbali. Alieleza jinsi alivyokuwa akimwomba Mungu utotoni aamke akiwa na ngozi nyeupe zaidi, na jinsi mafanikio ya mwanamitindo Alek Wek, mzaliwa wa Sudan Kusini ya sasa, yalivyombadilisha mtazamo. Alitaja pia barua ya msichana aliyekuwa karibu kununua dawa ya kujichubua lakini akaahirisha baada ya kumwona yeye. Dhamira hiyo aliiendeleza mwaka wa 2019 katika kitabu chake cha watoto, Sulwe, jina ambalo kwa Kijaluo lina maana ya nyota.

Ingetarajiwa kwamba baada ya sifa hizo sura yake ingejaa kwenye skrini. Haikuwa hivyo. Katika Star Wars: The Force Awakens (2015) alimwigiza Maz Kanata, kiumbe aliyeundwa kwa kompyuta juu ya mienendo ya uso na mwili wake. Katika The Jungle Book (2016) alikuwa sauti ya Raksha, mbwa-mwitu anayemlea Mowgli. Sekta iliyomtangaza kuwa mrembo kuliko wote haikuwa na hadithi nyingi za kuuweka uso huo ndani yake. Uso ulihitajika katika matangazo ya manukato. Katika visa ulifunikwa.

Kuna pingamizi mbili hapa ambazo haziwezi kupuuzwa. Kwanza, Nyong'o mwenyewe alieleza kuwa baada ya Patsey, ambaye mwili wake ndio uliokuwa kiini cha mateso, alipata uhuru fulani katika kuigiza mahali ambapo mwili wake haukuwa hoja. Pili, uigizaji wa sauti ni uigizaji kamili. Utamaduni uliozoea kumsikiliza manju, au msimulizi wa ngano gizani baada ya chakula cha jioni, hauna sababu ya kuudunisha. Pingamizi hizo zinaonyesha kwamba msanii hakuwa mhanga tu, kwani aliweza kuugeuza ufinyu kuwa nafasi ya kujifunza. Hazifuti lakini swali la nani huamua ni lini mwanamke mweusi aonekane na ni lini asikike.

Wake wasio na majina na mama wa Katwe

Majibu bora ya swali hilo yalitoka kwa wanawake waliosimulia habari za Afrika. Tamthilia ya Eclipsed, iliyoandikwa na Danai Gurira, Mmarekani mwenye asili ya Zimbabwe, inahusu wanawake waliotekwa na kamanda wa waasi nchini Liberia mwaka wa 2003. Wake wa kamanda huyo huitana kwa nambari, na mhusika wa Nyong'o anaitwa Msichana tu. Alikuwa ameifahamu tamthilia hiyo tangu mwaka wa 2009, alipokuwa mwigizaji wa akiba huko Yale. Ilipofika jukwaa la Broadway mwaka wa 2016, ikiongozwa na Liesl Tommy, ilikuwa ya kwanza huko ambayo waigizaji wake wote, mwandishi na mwongozaji walikuwa wanawake weusi.

Msomaji wa tamthilia ya Kiswahili hatashindwa kuuona ujamaa kati ya kazi hii na Natala ya Kithaka wa Mberia, ambapo mjane anakataa kugeuzwa mali ya kurithiwa. Tofauti ni kwamba Natala ana jina na nyumba ya kuitetea, ilhali Msichana wa Gurira amepokonywa vyote viwili. Anapewa bunduki, anaonja madaraka yake, na mwishoni anabaki kati ya bunduki na kitabu. Jukwaani hakuna kompyuta ya kuufunika uso wala mhariri wa kukata sauti. Mwigizaji yupo mzima mbele ya hadhira. Kazi hiyo ilimpatia Nyong'o uteuzi wa tuzo ya Tony.

Mwaka huo huo ulitoka Queen of Katwe ya Mira Nair, kuhusu Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa Katwe mjini Kampala aliyeinuka kupitia sataranji. Nyong'o ni Harriet, mama yake, mjane anayeuza mahindi na anayeuogopa mchezo huo kwa kuwa unampa mwanawe ndoto zinazoweza kumvunja moyo. Ingekuwa rahisi kumfanya mama huyu kizuizi cha kisa au malaika wa subira. Nyong'o anakwepa yote mawili. Harriet ni mkali, ana majivuno, na hofu yake ina hoja. Anaponena Kiingereza chenye mwondoko wa Kiganda, mtazamaji wa Afrika Mashariki anamtambua mara moja, kwa maana amemwona sokoni na kituo cha basi. Hapa sura na sauti zimekutana katika mtu mmoja, na ni jambo la kutafakariwa kwamba kukutana huko kulitokea katika kisa cha kwao, umbali wa safari moja ya basi kutoka Kisumu.

Mwili mmoja, sauti mbili

Katika Us (2019) ya Jordan Peele, Nyong'o anaigiza nafasi mbili: Adelaide, mama wa familia ya tabaka la kati, na Red, pacha wake wa ajabu anayetoka chini ya ardhi na familia yake ili kudai maisha waliyonyimwa. Sura ni moja. Kinachowatenganisha ni mwendo na sauti. Adelaide hunena kwa tahadhari. Red hunena kwa sauti ya kukwaruza, inayovuta pumzi ndani kana kwamba kila neno linapita mahali penye kidonda. Anapojieleza kwa mara ya kwanza anatumia mwanzo wa kifomyula wa ngano, kuhusu msichana na kivuli chake. Kati ya wote waliotoka chini, ni yeye pekee anayeweza kusema.

Sababu inajulikana mwishoni. Red ndiye Adelaide wa asili, aliyekabwa koo na kufungiwa chini akiwa mtoto, huku kivuli chake kikipanda juu kuchukua mahali pake. Yule ambaye hadhira imemhurumia kwa saa mbili ndiye mnyang'anyi. Na mwigizaji alikuwa ameiweka siri hiyo masikioni mwa hadhira mapema, kwani kadiri mapambano yanavyokolea, ni Adelaide anayeanza kunguruma na kukosa maneno. Ebrahim Hussein katika Mashetani (1971) aliutumia mchezo wa shetani na binadamu kuvuruga mpaka kati ya Juma na Kitaru, na kuuliza ni nani kati yao aliyekaliwa na nani. Us inauliza swali la jamaa yake kwa njia ya koo la mwigizaji.

Sauti ya Red ilileta utata. Nyong'o alipotaja kwamba aliijenga kwa kuchunguza maradhi yanayobana viungo vya sauti, watetezi wa watu wenye ulemavu walilalamika kuwa hali yao ilikuwa imefanywa kitisho, naye akaomba radhi. Lalamiko lilikuwa la haki. Lilithibitisha pia kwamba sauti katika sanaa si pambo, kwa kuwa ina wenyewe, na anayeiazima huwajibika kwao. Chama cha wahakiki wa filamu wa New York kilimtunuku kwa kazi hiyo, lakini Oscar haikumteua.

Lafudhi na lugha

Katika Black Panther (2018) na Black Panther: Wakanda Forever (2022) Nyong'o ni Nakia, jasusi wa nchi ya kubuniwa ya Wakanda, na ndiye anayeshikilia tangu mwanzo kwamba nchi hiyo haina haki ya kujificha na utajiri wake wakati majirani wanateseka. Hoja yake ndiyo inayoshinda, ingawa filamu inamwachia mfalme kuitangaza. Lugha ya Wakanda ni Kixhosa, na wahusika wake hunena Kiingereza chenye lafudhi ya Kiafrika, jambo lililokuwa nadra katika filamu za gharama kubwa kiasi hicho.

Suala la lafudhi linamgusa Nyong'o binafsi. Ameeleza hadharani, mintarafu podikasti yake ya Mind Your Own iliyoanza mwaka wa 2024, kwamba baada ya mafunzo ya Yale alijilazimisha kusema kwa lafudhi ya Kimarekani kila mahali ili apate kazi, na kwamba alipokaribia kuitangaza 12 Years a Slave aliamua kurejea lafudhi yake ya Kikenya. Uamuzi huo ni wa kisanaa na wa kisiasa kwa pamoja. Wasichana wengi walipata ushujaa kwa kuiona ngozi yake. Walimu wa lugha humu nchini, ambao kila siku hukutana na vijana wanaobana pua ili waonekane wameendelea, wana sababu ya kutilia maanani upande huu wa pili wa mfano wake.

Hitimisho

Inafaa kurejea filamu za mwaka wa 2024. Roz, roboti anayemlea kifaranga wa bata bukini, huanza kwa sauti bapa ya mashine, na Nyong'o anaipasha moto kidogo kidogo hadi msikilizaji asiweze kutaja ni wapi ilipogeuka kuwa sauti ya mama. Samira wa A Quiet Place ni mshairi anayeugua saratani isiyo na tiba, ambaye katika jiji lililonyamazishwa anahifadhi pumzi yake kama akiba. Ngurumo zinapopiga, yeye na mwenzake wanatumia kelele za mvua kupiga mayowe wasisikike. Mwishoni, baada ya kumwokoa mwenzake huyo, anachomoa waya wa visikizio na kuuacha muziki upae barabarani, akijua fika kitakachofuata. Mshairi aliyenyamazishwa amechagua kusikika.

Mhakiki wa Kiswahili ana nyenzo za kuisoma kazi kama hii: utamaduni wa ngano na utenzi, mjadala mpana juu ya usawiri wa mwanamke, na kielelezo cha wasifu kilichoachwa na Shaaban Robert. Kilichokosekana ni nia ya kuihesabu filamu kuwa matini. Hadi hapo itakapopatikana, Nyong'o ataendelea kushangiliwa katika viwanja vya ndege na kutajwa katika hotuba za sikukuu, ilhali wanafunzi wa tamthilia wataendelea kuhitimu bila kufundishwa jinsi Patsey alivyoomba kufa kwa sauti ya chini.